Ushindi Uliozomewa

Mwaka ule mji wetu ulijipa ubingwa kabla hata mpira haujarushwa. Msimu uliotangulia Wahunzi wa Port Hadley walikuwa wamefika nusu fainali ya ligi, jambo lililokuwa halijatokea tangu nikiwa msichana, na kiangazi kizima watu hawakuwa na habari nyingine midomoni. Kwenye barabara ya kuingilia mjini likasimamishwa bango kubwa lenye sura za kaka yangu Roland na mdogo wangu Desmond, wamekunja mikono kifuani, na chini yao maneno: MWAKA HUU NI WETU. Mama alitaka tumpitishe pale kila tulipokwenda kununua vyakula, ingawa duka lenyewe lilikuwa upande mwingine wa mji.

Roland ndiye mkubwa wetu, na ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa Wahunzi. Desmond, kitinda mimba wa mama, alikuwa chini yake akisimamia kikosi cha kuzuia. Mpira wetu huu una watu wa kushambulia na watu wa kuzuia, wanapokezana uwanjani, na kila kundi lina kocha wake. Mimi nimezaliwa kati ya hao wawili. Mpira sijawahi kucheza. Nina duka la dawa mtaa wa Pulaski, na kwa kuwa nusu ya wanaume wa mji huu wana presha, hakuna maoni juu ya kaka zangu ambayo hayakupita mbele ya kaunta yangu.

Desmond hakuwa mtu wa kungoja. Mrushaji wa upande wa pili aliposhika mpira, Desmond aliwatuma vijana wake karibu wote wamvamie kabla hajapata mtu wa kumrushia. Nyuma aliacha uwazi ambao hata ndege ya abiria ingeweza kutua. Msimu wa nusu fainali mbinu hiyo iliwatoa watu jasho. Warushaji walipigwa chini mpaka wengine wakawa wanautupa mpira nje kwa woga tu. Magazeti yalimwita Desmond fundi, na yeye hakuyakatalia.

Mechi ya kwanza tulifungwa dakika ya mwisho. Watu wakasema ni bahati mbaya. Mechi ya pili, mrushaji wetu Brock Lindqvist, kijana mrefu wa Minnesota ambaye mji mzima ulikuwa umevaa jezi yenye jina lake, aliangukiwa na wanaume wawili, goti lake likaenda upande ambao goti haliendi. Mama alinishika mkono akaukaza, hakuuachia mpaka walipomtoa kwa kigari. Aliyeingia badala yake alikuwa kijana mwenye adabu sana. Sina sifa nyingine ya kumpa.

Lakini mrushaji kuumia si jambo la kumlaumu mtu. Kilichotumaliza ni kule nyuma. Timu nyingine zilikuwa zimekaa kiangazi kizima zikitazama picha za mbinu ya Desmond, na zilikuwa zimepata dawa yake: mpira unatoka mkononi haraka, unapita juu ya vichwa vya wale wanaovamia, na nyuma hakuna mtu. Jumapili baada ya Jumapili tuliona mgongo wa mtu wa timu ngeni akikimbia peke yake kuelekea mwisho wa uwanja, hana wa kumgusa, wengine wanapunguza mwendo kabisa na kupungia watazamaji.

“Dada Claudine,” mzee Kowalczyk aliniambia Jumatatu moja nilipompa vidonge vyake. Alikuwa amestaafu kiwanda cha chuma, na tiketi yake ya uwanjani aliirithi kwa baba yake. “Hii dawa mwandikie kaka yako ailipie.”

“Yupi?”

“Wote wawili. Mkubwa amenipandisha presha, mdogo ameizuia isishuke. Ndicho kitu pekee alichozuia mwaka huu.”

Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Baada ya mechi za nyumbani tulikula kwa mama. Hiyo haikubadilika, tushinde tushindwe. Siku tuliyofungwa vibaya kuliko zote, kaka zangu waliosha vyombo pamoja kama mama alivyowazoesha tangu wadogo, Roland kwenye sinki, Desmond na taulo, na mimi nikiwa mezani nafunika mabaki.

“Acha wawili nyuma, Dez,” Roland alisema bila kugeuka. “Watatu ikiwezekana.”

“Nikiacha watatu nyuma, mrushaji atakamatwa na nani?”

“Hata sasa hakamatwi.”

“Anakamatwa. Leo tumechelewa nusu sekunde.”

“Tumechelewa nusu sekunde tangu Septemba.”

“Kaka, mbinu hii ndiyo iliyotufikisha nusu fainali. Umesahau? Ulikuwa unanibeba begani uwanjani.”

“Sijasahau. Lakini wenzetu nao hawajasahau, ndiyo shida yenyewe.”

Desmond aliikausha sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji. “Nipe wiki mbili,” alisema.

Roland akampa. Halafu akampa nyingine mbili.

Katikati ya Novemba tulikuwa tumeshinda mechi tatu tu. Bango la barabarani mtu alilirushia rangi nyeupe, akafuta neno HUU, likabaki MWAKA NI WETU, lisilo na maana yoyote, na halmashauri haikujisumbua kulisafisha. Mama akaacha kutaka tupite kule. Redioni walimzungumzia tajiri wa timu, Bwana Whitcomb Strand, ambaye baba yake alijipatia mali kwa mabati ya kuezekea. Walisema amechoka, kwamba atamlazimisha Roland kumtoa mdogo wake la sivyo watoke wote.

Jumanne ya wiki ya Siku ya Shukrani, sikukuu yetu ya Alhamisi ya mwishoni mwa Novemba, Roland alimfukuza Desmond kazi.

Niliisikia dukani, redioni, nikiwa nahesabu vidonge vya mteja. Nilimaliza kumhudumia, nikampigia Desmond. Alipokea mara moja, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia.

“Niko sawa, dada. Kweli niko sawa. Wa kuonewa huruma ni Roland. Ungemwona! Maneno yalikuwa yamemshinda. Mimi ndiye niliyemkumbatia. Nikamwambia, kaka, pole, najua huyu si wewe, huyu ni Strand.”

“Akasemaje?”

“Hakusema kitu. Angesema nini?”

Jioni ile ile Roland alikuja kwangu. Hakuvua koti. Aliketi ukingoni mwa kochi kama mgeni, na mimi nikamwambia nimeongea na Desmond, nikamwambia namshukuru Mungu hana kinyongo, anajua ni mambo ya tajiri.

“Strand hakuniambia nimfukuze,” Roland alisema.

Sikumwelewa.

“Aliniita ofisini wiki iliyopita. Nilikwenda nimejiandaa kubishana naye. Akaniambia, ‘Roland, hicho ni kikosi chako, mdogo wako ukitaka abaki abaki, ukitaka aondoke aondoke. Mimi mwisho wa msimu nitaangalia matokeo tu.’ Basi. Nikatoka nje, nikakaa ndani ya gari pale maegesho. Nilikuwa nimekwenda kutetea jambo ambalo mimi mwenyewe siliamini tena.”

“Kwa hiyo ni wewe.”

“Ni mimi. Nimemwomba abadilike, nimemwomba vizuri, nimemwomba kwa ukali. Vijana wanaanza kuangaliana, Claudine. Yule Purvis anayebaki peke yake kule nyuma anazomewa na watu elfu sitini kwa kosa ambalo si lake. Angekuwa msaidizi mwingine ningekuwa nimemtoa Oktoba.”

“Sasa mbona hukumwambia Dez hivyo?”

“Nilifungua mdomo nimwambie. Akanikumbatia.” Alijipangusa uso kwa mikono miwili. “Nilikuwa nimejiandaa anitukane. Hilo la kukumbatiwa sikulitegemea.”

Nilimwambia lazima amweleze kabla hajasikia kwa watu. Akasema atamweleza. Akaondoka bila kunywa hata maji.

Siku ya Shukrani mama hakukubali udhuru wa mtu. Aliwapigia simu mmoja mmoja: “Kazi ni kazi, bata mzinga ni bata mzinga. Saa nane muwe hapa.” Wakaja wote. Desmond alikuja na binti zake wawili, na alikuwa na mizaha mingi. Alimwita Roland “bosi wangu wa zamani”. Aliuliza kama aliyefukuzwa anaruhusiwa kula paja au apewe bawa tu. Roland alimkatia paja. Niliwatazama, nikajua hajamwambia.

Tuliposhikana mikono kuomba, mama alishukuru kwa ajili ya chakula, wajukuu, na goti la Lindqvist lililofanyiwa upasuaji salama. Halafu akaongeza: “Na Baba, umsamehe Whitcomb Strand, maana mimi bado sijaweza. Amewatenganisha wanangu kwa sababu ya mpira. Umguse moyo wake.”

“Amina,” akasema Desmond kwa sauti, akitabasamu.

Roland hakusema amina. Alisema, “Mama, si Strand.”

“Eti?”

“Si Strand. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyeamua.”

Mikono yetu ilikuwa bado imeshikana. Wa kwanza kuachia alikuwa Desmond. Akachukua kitambaa chake cha mezani akakikunjua polepole, akakiweka mapajani.

“Strand alikwambiaje?” aliuliza.

“Aliniambia uamuzi ni wangu.”

“Na Jumanne?”

“Jumanne nilishindwa kukueleza.”

“Nilikukumbatia, Roland.” Hakusema kaka. “Nilikwambia pole. Ukasimama pale ukazipokea pole zangu.”

“Ndiyo.”

“Ungenitukana ingekuwa afadhali.”

“Najua.”

Mama alikuwa akimwangalia mmoja, akimwangalia mwingine. Mdomo ulikuwa wazi kidogo. Binti mdogo wa Desmond akauliza kama wanaweza kuanza kula. Desmond akamjibu, “Kuleni, mama. Chakula kinapoa.” Akageukia upande wangu. “Nipitishie mboga.”

Nikampitishia mboga. Akala. Tukala wote, tukazungumzia shule ya watoto na barafu iliyotabiriwa. Hata pai ya viazi vitamu Desmond aliila, akamsifia mama. Kisha akawavalisha binti zake makoti, akambusu mama, akanibusu mimi, akafungua mlango akatoka. Roland alikuwa amesimama kando ya mlango ule ule, na Desmond alimpita kama mtu anavyopita kiti.

Mama alikusanya sahani. Hakutaka msaada. Alipokuwa jikoni peke yake nilimsikia akimwambia Mungu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba lile ombi la Strand alifute.

Desemba Roland alimpa kazi ya Desmond msaidizi mmoja mkongwe, mtu mkimya asiye na mbinu yenye jina. Huyo aliacha watatu nyuma. Hatukufungwa tena mabao ya aibu, lakini mrushaji wetu mwenye adabu hakupata pointi za kutosha, kwa hiyo tuliendelea kufungwa, ila kwa heshima zaidi. Desmond hakupokea simu za Roland. Za kwangu alipokea, tuliongea juu ya watoto, na nilipotaja mpira alisema kuna mtu mlangoni.

Kisha likazuka jambo ambalo watu wa nje huwa hawalielewi. Ligi yetu ina utaratibu wa kuwapa nguvu wanyonge: timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza vijana wanaotoka vyuoni. Na mwaka ule kulikuwa na mrushaji mmoja chuoni, Teague Hollister, ambaye walisema wa namna yake huzaliwa mara chache sana. Tukafika mechi ya mwisho sisi na Omaha tukiwa sawa mkiani, na tunacheza sisi kwa sisi, nyumbani kwetu. Atakayefungwa anampata Hollister.

Mji uliokuwa umejipa ubingwa ukaanza kuomba kufungwa. Mabango yaliandikwa ASANTENI KWA KUSHINDWA. Dukani kwangu watu waliokuwa wakimtukana Roland kwa kufungwa sasa walimtumia salamu za kumtia moyo afungwe tena.

“Mwambie kaka yako mara hii tu,” mzee Kowalczyk alinisihi. “Ameweza mara kumi na mbili bila kuombwa. Hii moja tunamwomba.”

“Mzee, kweli utakwenda uwanjani kuwashangilia Omaha?”

“Binti yangu, mimi nina miaka sabini na nane. Ubingwa nitauona lini? Nikimpata Hollister, labda nitauona. Nisipompata, utaniletea maua kaburini tu.” Hakuwa anatania.

Strand naye alimwita Roland. Safari hii aliongea kidogo zaidi. Roland ndiye aliyenisimulia, tukiwa kwenye gari nje ya kanisa tukimngoja mama. Strand alisema ingekuwa vizuri kuwapa nafasi vijana ambao hawajacheza msimu mzima, wapate uzoefu. Alisema wakubwa wamechoka, wapumzike. Alisema anafikiria sana juu ya mwakani, na kwamba mwakani inaweza kuwa na nafasi ya kocha anayejua kuangalia mbali.

“Maana yake ukifungwa anakubakiza,” nikasema.

“Hakusema hivyo.”

“Roland.”

“Ndiyo, maana yake hiyo.”

“Ukamjibuje?”

“Nilimwambia nitapanga timu yangu bora.” Alikuwa akiwatazama akina mama wakishuka ngazi za kanisa wameshikana kwa ajili ya utelezi. “Purvis anacheza na mbavu mbili zimepasuka. Hajaniomba apumzike hata siku moja. Mwezi uliopita nilimtoa mdogo wangu kwa sababu nilisema nataka kushinda. Sasa leo nimwambie Purvis, basi, sikuwa namaanisha?”

Mama akafika, tukafungua mlango.

Siku ya mechi theluji ilianguka tangu asubuhi. Uwanja ulijaa nusu, na waliokuja walikuwa wamekuja kwa shughuli maalumu. Kule maegesho walichoma soseji na kunywa bia kama siku zote, ila wengine walikuwa wamevaa mifuko ya karatasi vichwani, imetobolewa macho, ishara ya kuionea timu aibu, na wengine jezi za chuo cha Hollister. Mama alivaa koti lake la kanisani, skafu ya Wahunzi na glavu nene, akaketi wima kama yuko kwenye benchi la mbele la kwaya.

Omaha walipopata pointi za kwanza, uwanja wetu ulilipuka kwa shangwe. Nilitazama benchi letu. Vijana waligeuza shingo kutazama juu, walipokaa watu wao, na kuna ambao hawakuelewa mara moja. Purvis alisimama ameshika mbavu, akitazama tu.

Mwanamume aliyekaa nyuma yetu alikuwa akipiga kelele, “Safi Omaha! Ongezeni!”

Mama akageuka. “Kijana, unatoka Omaha?”

“Hapana, bibi. Wa hapa hapa, mtaa wa Sita.”

“Basi mama yako wa mtaa wa Sita nitamwambia.”

Watu wakacheka, na yule mtu akacheka pia, lakini alishusha sauti. Hakujua mama ni nani. Mwenzake alimnong’oneza, naye akawa kimya mpaka mapumziko, kisha nikaona amehama.

Kipindi cha pili mrushaji wetu mwenye adabu alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya msimu mzima: alikasirika. Sijui ni zile shangwe au ni baridi. Aliacha kuutupa mpira kwa uangalifu, akaanza kuurusha mbali, kwa nguvu, kama anayemrushia mtu jiwe, na mara mbili ulimfikia mwenzake mwisho wa uwanja. Kila tulipopata pointi, uwanja mzima ulilia “buuu”. Nimeishi Port Hadley maisha yangu yote na sikuwahi kufikiri nitasikia sauti ile ikizomea pointi zetu wenyewe.

Tukawa mbele kwa pointi nne, na mpira ukawa wa Omaha, muda umebaki kidogo. Mrushaji wao aliutuma mpira mrefu juu kabisa, ukapotea katika theluji na taa, na watu wote walisimama wakiuombea ufike. Zamani, chini ya Desmond, pale pangekuwa patupu. Safari hii Purvis alikuwapo, na pembeni yake walikuwapo wawili. Aliruka na zile mbavu zake, akaudaka, akaanguka nao, hakuinuka mpaka walipokuja kumsaidia.

Mechi ikaisha. Tulizomewa mpaka wachezaji walipoingia ndani. Watu walitupa mifuko ya karatasi na vikombe. Mzee Kowalczyk nilimwona upande wa pili wa ngazi, amekaa, kofia mkononi, theluji ikimwangukia kichwani. Mama peke yake katika safu yetu alikuwa amesimama akipiga makofi, na kwa sababu ya glavu hayakusikika hata kidogo.

Chini uwanjani Roland alipeana mikono na kocha wa Omaha. Nilimwona yule kocha akimwambia kitu sikioni, na Roland akatikisa kichwa. Baadaye nilimuuliza alichoambiwa. “Aliniambia ahsante,” alisema.

Jumatatu asubuhi Strand alimfukuza Roland. Ilichukua muda mfupi, na Strand alikuwa mstaarabu, alimsindikiza mpaka kwenye lifti. Aprili Hollister alikwenda Omaha. Mzee Kowalczyk, baada tu ya mechi ile, alihamisha dawa zake kwenye duka la upande wa pili wa barabara. Alirudi kabla ya Pasaka, hakunieleza kwa nini, na mimi sikumuuliza.

Desmond alipata kazi katika timu ya Tulsa, kazi ile ile ya kikosi cha kuzuia. Mwishoni mwa Januari, wiki chache baada ya mechi ile, alikuja kwa mama kuchukua masanduku yake aliyoyaweka ghalani. Roland alikuwa pale, anaondoa theluji kwenye njia ya gari, kwa sababu sasa alikuwa na muda. Mimi na mama tulikuwa dirishani, na mama alifungua dirisha kidogo ingawa nilimwambia baridi itaingia.

Desmond alishuka garini. Alisimama. Roland aliendelea kuchota theluji.

“Niliiangalia,” Desmond akasema.

“Ipi?”

“Ya mwisho. Kwenye televisheni.” Akapiga teke donge la theluji. “Waliacha watatu nyuma.”

“Ndiyo.”

“Ule mpira mrefu, mimi ningefungwa.”

Roland alisimamisha koleo. “Ungefungwa. Ila kabla ya hapo mrushaji wao asingekaa raha namna ile. Alikaa kama yuko sebuleni kwake.”

“Hilo nililiona.”

“Nilikukumbuka pale.”

Desmond aliingia ghalani, akatoka na sanduku la kwanza. Roland aliegemeza koleo kwenye uzio, akaingia kuchukua la pili. Walipakia yote bila kusema, isipokuwa “shika vizuri hapo” na “angalia mlango”. Masanduku yalipokwisha Desmond alifunga buti, akazunguka mpaka upande wa dereva, akaufungua mlango, akasimama ameushikilia.

“Tulsa wanatafuta mtu wa kufundisha washambuliaji,” alisema. “Kocha wao aliniuliza kama namjua mtu.”

“Ukamwambiaje?”

“Nilimwambia namjua mmoja. Hodari, lakini hajui kuongea Jumanne.”

Roland alicheka kwa pua. “Hapana, Dez. Nikija huko siku moja watakupandisha uwe kocha mkuu, halafu utanifukuza.”

“Ningekufukuza, ndiyo.”

“Ungenieleza sababu?”

“Ningekuandikia na ukutani.”

Hapo wakacheka wote wawili, si sana. Hawakukumbatiana. Desmond akaingia kwenye gari, akarudi nyuma polepole kwenye njia aliyosafishiwa, akapiga honi kwa mama.

Mwaka uliofuata Roland alichukua kazi ya kufundisha chuo kidogo cha Pennsylvania, wanafunzi mia chache, uwanja wenye viti vya mbao. Wanashinda, wanashindwa. Tulsa ya Desmond ilianza vizuri, na mara kwa mara anaacha wawili nyuma, watatu bado hajakubali. Wanapigiana simu Jumatatu. Si kila Jumatatu. Mama anasema inatosha, na Jumamosi namwendesha Pennsylvania, kisha Jumapili baada ya kanisa namwashia Tulsa kwenye televisheni, naye anazomea waamuzi wa mechi zote mbili.